Maji ya Kulowesha Mawe

Mwamba wa Kitui una sauti yake unapopasuka. Ule wa kijivu unaokaribia rangi ya waridi, wenye chembe kubwa zinazong'aa juani, hupasuka kwa mlio mmoja mkavu, na vipande vyake huruka kwa nguvu hivi kwamba anayeusimamia hujifunza upesi kufumba macho. Ule mweusi, wenye ulanga mwingi, madini yale ya vigamba vinavyong'aa, haulii. Hutoa kitu kama kikohozi kilichozuiwa, kisha huachana tabaka kwa tabaka, na mtu hubaki na unga unaometameta viganjani. Nilizijua sauti hizo mbili katika kiangazi kimoja cha miaka ya themanini, kusini ya Mutomo, nikiwa nimepiga magoti mchangani mbele ya jeki ya gari, nikivunja jiwe baada ya jiwe. Kundi la wanawake lilihitaji ukuta, na ukuta ulihitaji sahihi ya mtu ambaye hakuwa tayari kuitoa.

Nilizaliwa Kalamba, wakati ambapo upande wetu wa Makueni ulikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, katika nyumba ya wakulima walioamini kwamba elimu ni kazi yenye mwisho, kama palizi. Niliposema nitasoma jiolojia chuo kikuu, hakuna aliyepinga, kwa kuwa hakuna aliyejua ni nini. Mama alijaribu kuieleza kanisani. Alisema nasomea mawe. Mwanamke mmoja akamuuliza, kwa huruma ya kweli, "Kwani ualimu ulijaa?" Mama alinisimulia hilo bila kucheka, na naamini alitaka nimpe jibu la kumpelekea Jumapili iliyofuata. Lilichukua miaka kupatikana, na hata lilipopatikana halikuwa la kuelezwa mlangoni mwa kanisa watu wakiwa wamesimama juani.

Baada ya masomo niliajiriwa katika ofisi ya maji ya Kitui, na kazi yetu kubwa ilikuwa mito ya mchanga. Mito yetu hutiririka siku chache baada ya mvua, kisha hubaki kuwa barabara pana za mchanga mweupe. Maji hayajaisha, yamejificha chini, na wanawake huyachimbia mashimo ambayo huzidi kwenda kina kadiri kiangazi kinavyosonga, mpaka anayeteka haonekani ila kichwa, baadaye hata kichwa hakionekani. Ukijenga ukuta wa mawe kukatiza mto, mahali mwamba unapojitokeza, mafuriko huleta mchanga na kuuacha nyuma ya ukuta, na mchanga huo hushika maji hadi mvua nyingine. Ni jambo rahisi kulieleza. Lakini kila kitu hutegemea mwamba ulio chini. Ukuta ukikaa juu ya mwamba dhaifu, maji hupenya chini yake na kuula pole pole, na msimu mmoja ukuta mzima hulala kifudifudi.

Kundi nililotumwa kulisaidia lilikuwa la mwethya, wanawake waliozoea kufanya kazi pamoja kwa zamu: leo matuta ya shamba la huyu, kesho paa la yule. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa umri wa mama yangu, mwenye goti bovu na ulimi mzima. Nilipofika mara ya kwanza walikuwa wameshafanya kazi ambayo ofisi yetu ingeifanya kwa mwaka. Walikuwa wamekusanya lundo la mawe ya kujengea lenye urefu wa mtu, na walikuwa wamechimba mfereji wa msingi ndani ya mwamba, toka ukingo hadi ukingo, kwa mitaimbo na majembe. Mahali walikuwa wamepachagua wenyewe, kwa vigezo ambavyo nisingeweza kuvilaumu: palikuwa karibu na nyumba, na mwamba wa hapo ulichimbika.

Simiti ilikuwa tayari pia, imepangwa juu ya mbao katika stoo ya kanisa sokoni. Lakini ilikuwa na sharti. Ilikuwa imetolewa kwa ukuta ulioidhinishwa, na idhini ikikosekana kabla ya mvua za Novemba, ingepakiwa lori na kupelekwa tarafa nyingine ambako ukuta wao ulikuwa umeshakubaliwa. Hakuna aliyekuwa na hakika kwamba nyingine ingekuja. Wanawake walilijua hilo kuliko mimi. Kila nilipofika, mwenyekiti alinisalimia kwa swali lile lile: "Umekuja na sahihi, ama umekuja kutuamkua tu?"

Sahihi ilikuwa ya mhandisi wetu, mtu wa Mkoa wa Kati, Mkristo mkimya ambaye hakuwahi kuchelewa ofisini wala kupandisha sauti. Miaka michache kabla ya hapo, katika mto mwingine, alikuwa amesimama ukingoni akitazama ukuta aliouidhinisha mwenyewe ukilala chini, mwamba wa msingi ukiwa umemeguka kama mkate. Hakupenda kulizungumza. Lakini tangu siku hiyo aliacha kukubali neno "imara" likiwa peke yake.

"Nipe nguvu ya mwamba," aliniambia. "Namba."

"Mzee, kwa namba hiyo lazima tuchoronge mwamba tupate vipande vya mviringo kama mishumaa. Vikatwe, visuguliwe ncha mpaka ziwe bapa kabisa, vipelekwe Nairobi, vishindiliwe kwa mashine mpaka vivunjike."

"Najua vinavyofanywa. Vipeleke."

"Na mashine ya kuchoronga?"

Alitazama dirishani. Mashine ya kuchoronga ya ofisi ilikuwa uani, imesimamishwa juu ya mawe bila magurudumu, na kuku wa mlinzi walikuwa wakitaga karibu na injini. Ya kukodi ilikuwa ghali kuliko ukuta wenyewe. Hata kama mbingu zingetuletea vipande vilivyokwisha kukatwa, foleni ya maabara ya Nairobi ilikuwa ndefu, na Novemba haikuwa na foleni.

"Kuna njia nyingine," nilisema. "Unachukua bonge la jiwe la ukubwa wa ngumi. Hulikati, hulisugui. Unaliweka katikati ya ncha mbili za chuma zinazotazamana, unazikaza kwa jeki ya mafuta mpaka lipasuke. Geji inakuambia nguvu iliyotumika, rula inakuambia umbali kati ya ncha, unapiga hesabu."

"Hiyo ni nguvu ya kupasua. Mimi nataka ya kushindilia."

"Zinakwenda pamoja, mzee. Mwamba mgumu kupasua ni mgumu kushindilia. Watu wamezilinganisha kwa miamba mingi. Ukijua moja, unaikadiria nyingine."

"Unaikadiria." Alilisema neno hilo kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. "Madam, unataka niweke sahihi yangu juu ya jeki ya gari?"

"Juu ya mawe, mzee. Jeki ni ya kuyauliza tu."

Hakucheka, lakini hakukataa. "Vunja kwanza," alisema. "Halafu tutazungumza."

Fremu ya chuma ilichomelewa na fundi wa mjini Kitui, nguzo nne nene na vibao viwili. Ncha mbili zilichongwa kwa mashine katika karakana ya barabara, zikapashwa moto na kuzimwa ghafla hadi zikawa ngumu kuliko jiwe lolote nililotarajia kukutana nalo. Geji niliiazima maabara ya barabara, na kabla ya kuiamini nilibeba chombo chote hadi kwao ili kilinganishwe na mashine yao, maana geji inayodanganya kidogo hudanganya kila mara kwa upande ule ule. Kilichobaki kilikuwa jeki, na jeki ilikuwa mali ya dereva wa Landrova.

"Madam," aliniambia nilipokuwa nikiifunga ndani ya fremu, "tukipata pancha huko porini utainua gari na digrii?"

"Wewe utalishika, mimi nitabadilisha gurudumu."

"Haya. Lakini jeki yangu ikirudi imechoka, nitakushtaki kwa mzee."

Nilianza kuvunja. Ni kazi isiyo na utukufu wowote. Unachagua bonge, unaligeuza mpaka ncha zikae vizuri, unapampu pole pole, unangoja. Likipasuka katikati, kupitia ncha zote mbili, unaandika. Likimeguka pembeni, hilo si jibu, na unalitupa hata kama ndilo lililokuwa na namba nzuri. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba uaminifu katika kazi hii uko katika mawe unayoyatupa. Nilivunja ya kijivu na meusi, ya ukingo huu na ya ukingo ule, ya kutoka mfereji wenyewe, na ya kutoka sehemu ya chini, mto unakoelekea, kwenye kona ambako mwamba wa kijivu ulijitokeza peke yake. Meusi niliyavunja kwa njia mbili, kwa kukandamiza kukatiza tabaka na kwa kukandamiza kufuata tabaka, kwa sababu mwamba wa ulanga una mshipa kama mbao, na nguvu yake hutegemea upande unaouuliza.

Wanawake walipita na mitungi yao wakanitazama. Kazi ya watu wazima kwao ilikuwa kuvunja mawe ili yawe kokoto. Mimi nilikuwa navunja, kisha naandika, kisha natupa.

"Huyu anavunja bila kujaza karai," mmoja alisema.

"Ndiyo kusoma," mwenzake akamjibu. "Ukisoma sana, kokoto huioni tena."

Nilicheka pamoja nao na kuendelea. Nilipomaliza, nilichukua kizidisho kinachogeuza nguvu ya kupasua kuwa makadirio ya nguvu ya kushindilia. Vitabu havikubaliani juu yake. Kila aina ya mwamba ina chake, na mwenye haraka huchagua kile kinachompendeza. Mimi nilichagua cha chini. Hata kwa hicho, mwamba wa kijivu ulipita kiwango cha mhandisi kwa mbali, na ule mweusi wa mfereji ukapita pia, kwa kujikokota, lakini ukapita. Nilirudi Kitui nikiwa na furaha ambayo sikuificha hata kwa dereva. Nilikwisha kupanga maneno ya kumwambia mwenyekiti.

Mhandisi alizisoma namba zangu zote, mstari kwa mstari, bila kuketi. Kisha akaweka kidole juu ya ukurasa.

"Mawe haya yalikuwa makavu, ama yalikuwa yamelowa?"

Nilipekua kurasa zangu.

"Nimeuliza, madam."

"Makavu."

"Na ukuta utakaa wapi?"

"Mtoni, mzee."

"Ndani ya maji," alisema kwa upole, akanirudishia karatasi.

Nimelifikiria kosa hilo mara nyingi tangu siku ile, na bado naliona kuwa la ajabu. Si kwamba sikujua. Nilifundishwa darasani kwamba mwamba wenye ulanga hulegea ukilowa, na niliwahi kuliandika katika mtihani. Lakini nilikuwa nimelelewa katika nyumba ambayo maji ya kunawia uso yalikingwa kwenye beseni, yakatumiwa kufulia kitambaa, kisha yakamwagiwa mpapai. Mtoto aliyemwaga kikombe hakupigwa. Alitazamwa tu, na ilitosha. Darasani Nairobi maji yalitoka bombani, na kulowesha jiwe lilikuwa tendo la kawaida. Niliporudi kwenye mto mkavu, akili ilibaki na elimu yake, lakini mkono ulirudi nyumbani. Mkono wangu haukuweza hata kuwaza kumiminia jiwe maji mahali ambapo wanawake walianza foleni alfajiri ili wapate mtungi mmoja. Mhandisi, aliyekulia penye mito isiyokauka, aliliona mara moja.

"Rudi uyaloweshe," alisema. "Yakae majini mpaka yasiweze kunywa zaidi, uyavunje yakiwa bado yanadondosha. Na usiniletee wastani. Wastani hauangushi ukuta. Niletee ya chini kabisa."

Nilirudi. Mashimo ya mtoni yalikuwa yamezidi kwenda chini katika siku ambazo sikuwapo, na anayeteka sasa alihitaji mwenzake juu wa kumpokea kata. Nilimkuta mwenyekiti ameketi juu ya ukingo, goti lake limenyooshwa mbele.

"Umekuja na sahihi?"

"Bado, mwaitu," nilisema, nikimwita kama tunavyowaita mama zetu. "Nimekuja kuomba maji."

"Una kiu? Mpeni maji."

"Si ya kunywa. Ni ya mawe. Nataka pipa zima."

Sauti ikatoka ndani ya shimo: "Amesema nini?"

"Amesema mawe yana kiu," mwenyekiti alijibu bila kugeuka. Kicheko kilianza juu kikashuka hadi ndani ya shimo. Alipoona sicheki, uso wake ulibadilika. "Mwanangu, wewe ni Mkamba?"

"Ni Mkamba, mwaitu. Wa Kalamba."

"Kalamba kuna mvua nyingi siku hizi?"

"Hakuna."

"Basi unaomba nini mbele ya watu wazima?"

Nilimweleza. Nilimwambia kwamba mawe tuliyovunja yalikuwa makavu kama sisi, lakini ukuta ungeishi ndani ya maji, na kwamba kuna mawe yanayolegea yakilowa, kama vile ugali wa jana unavyolegea kwenye supu. Nikamwambia mhandisi hatasaini bila hilo, na simiti itapakiwa. Nikaongeza, kwa kuwa nilitaka kuwa mkweli kwake, kwamba hata mhandisi angesahau kuuliza, sasa mimi nisingeweza kusahau.

Alitazama mitungi iliyopangwa kwenye foleni. "Yakishashiba," aliuliza, "maji yanabaki?"

"Karibu yote. Jiwe linachukua kidogo sana."

"Basi hayo si kunywa. Ni kuoga." Aliwageukia wenzake. "Mawe yanataka kuoga. Na sisi wenyewe hatujaoga."

"Yaoge, halafu na sisi tufuate humo humo," sauti ya shimoni ilisema.

"Mbuzi watafuata," mwenyekiti alisema. "Mbuzi hawaulizi nani alitangulia." Kisha akaacha mzaha, akatoa amri. Pipa tupu lililetwa kutoka kanisani, nikapanga mawe ndani yake, na kila mwanamke aliyepita na mtungi akamimina kata moja, asizidishe. Wengine walimimina bila kunitazama. Mmoja alisimama, akatazama kata yake ikitoweka kati ya mawe, akasema tu, "Haya," akaenda. Sijui kama niliwahi kupewa kitu kizito kuliko hicho katika kazi yangu yote. Pipa lilipojaa tulilifunika kwa turubai, na mwenyekiti akatuombea. Aliomba Bwana ayape mawe nguvu. Niliitikia amina, ingawa ombi langu lilikuwa tofauti: yasionyeshe nguvu ambayo hayakuwa nayo.

Huo si uchaji wa pekee. Nilikuwa nikitamani yapite kama walivyotamani wao. Siku zile za kungoja nilikuwa nikifunua turubai na kuyatazama, na nilijua kabisa kuwa kutazama hakubadilishi kitu. Viputo vidogo vilipanda kutoka kwenye meusi. Kwenye ya kijivu havikupanda. Mtu mwenye macho angetosheka na hapo, lakini mhandisi hakutaka macho.

Nilipoanza kuvunja, wanawake waliacha mitungi wakakaa kunizunguka. Ya kijivu yalilia mlio wao ule ule, na namba zake hazikushuka kwa kiasi cha kutia hofu. Nikachukua meusi. Yaliyokandamizwa kukatiza tabaka yalishuka hadi chini ya nusu. Yaliyokandamizwa kufuata tabaka hayakunipa hata muda wa kusoma geji. Sindano ilitingisika, na jiwe likafunguka. Nilirudia kwa bonge jingine, na jingine. Nilitaka kupata moja la kunitetea. Halikupatikana.

Nilitoa bonge jeusi moja majini, nikampa mwenyekiti.

"Livunje kwa mikono, mwaitu."

Alilishika kama anayeshika kiazi kikuu, akalipinda. Likaachana. Alitazama vipande viwili, kisha akatazama mfereji wao uliokatiza mto.

"Hili ndilo tulilochimba?"

"Ndilo."

"Lote?"

"Toka mawe yale mawili hadi karibu na ukingo wa pili. Mwamba mweusi umepita hapo kwa mshazari. Lakini chini ya kona ni wa kijivu mtupu, ukingo hadi ukingo. Nimeuvunja mkavu, nimeuvunja umelowa. Unatosha."

"Chini ya kona," alirudia. "Unajua hapo ni mbali kiasi gani kutoka kwangu? Na goti hili?"

"Najua."

Mama mmoja aliyekuwa kando, mnene, mwenye leso ya kanisa kichwani, alisimama. "Mfereji tumeuchimba na mikono hii! Mitaimbo imekwisha meno! Na mawe yale yote tumeyapanga hapa. Sasa tuyabebe tena kwa sababu gari limekuja na jeki?"

"Si lazima myabebe," nilisema. "Mnaweza kukataa."

"Tukikataa?" mwenyekiti aliuliza.

"Hatasaini, na simiti itaenda."

"Na kama angesaini hapa hapa? Kama angekuwa mtu mzuri?"

Nilitambua kwamba hilo ndilo swali pekee lililokuwa na maana siku hiyo. "Ningemwomba asisaini," nilisema.

Walizungumza kwa Kikamba, haraka, wakisahau kwamba nilielewa kila neno, au labda wakikumbuka. Nilisikia nikiitwa mambo kadhaa. Nilisikia mtu akisema ni afadhali nusu ukuta karibu kuliko ukuta mzima mbali, na mwingine akimuuliza kama amewahi kunywa maji ya nusu ukuta. Mwenyekiti alikuwa akivunjavunja kile kipande cheusi katika kiganja chake, mpaka kikawa unga, akaupuliza.

"Kamwite mtu wako," aliniambia. "Aje aone mwenyewe. Nikihama, nataka anayenihamisha awe amesimama hapa."

Mhandisi alikuja siku iliyofuata, kwa viatu vyake vya ofisini, vikajaa mchanga kabla hajafika mtoni. Hakuchukua karatasi zangu. Alikunja mikono ya shati, akapiga magoti mbele ya fremu, akachagua mawe mwenyewe kutoka kwenye pipa, akapampu jeki mwenyewe. La kijivu lilipolia, aliruka kidogo, na wanawake wakafurahi. Alivunja la pili, la tatu. Kisha akavunja jeusi, akaliona likikohoa. Alibaki hapo amepiga magoti kwa muda mrefu kuliko jiwe lilivyohitaji.

"Lile lingine lilikuwa hivi hivi," aliniambia kwa sauti ya chini, na nilijua anasema habari za mto gani.

Aliandika barua ya idhini juu ya boneti ya Landrova, ya mahali pa chini ya kona, kwa masharti mawili: mwamba mweusi wa kando usiguswe na mzigo wowote, na vipande vichache vya mwamba wa kijivu vipelekwe Nairobi hata hivyo, wakati wowote foleni itakaporuhusu, ili makadirio yetu yapimwe na majibu yao. Nilivichorongesha na kuvifikisha huko baadaye kwa msaada wa mwalimu wangu wa zamani chuoni, na majibu yalirudi ukuta ukiwa umeshakauka. Makadirio yetu yalikuwa chini ya nguvu halisi, kwa kiasi cha kuridhisha. Mhandisi alisoma, akasema, "Vizuri," akayatia kwenye faili. Kwa mtu yule, hilo lilikuwa kama kupiga vigelegele.

Lakini kabla ya hapo lundo la mawe lilipaswa kuhama. Wanawake walipanga mstari toka mahali pa zamani, kupita kona, hadi mahali papya, kila mmoja akiwa umbali wa mikono miwili na mwenzake, wakawa wakipitishiana mawe. Mwenyekiti, kwa sababu ya goti, aliketi kwenye debe lililopinduliwa katikati ya mstari, akipokea upande huu na kutoa upande ule bila kusimama.

"Wewe uliyeyahamisha," aliniita, "simama hapa karibu yangu. Na dereva pia. Jeki imepumzika, yeye apumzike kwa nini?"

Dereva alisema ana mgongo. Aliambiwa kila mtu hapo ana mgongo. Alisimama.

Mwamba wa kijivu haukuhitaji mfereji wa kina. Ulihitaji kusafishwa, kukwaruzwa kwa patasi na nyundo ili simiti ishike, na hilo pekee lilichukua mikono yote. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa mashariki, yakatawanyika, yakajikusanya tena. Tulijenga kwa haraka ya watu wanaojua wanakimbizwa na nini. Ukuta ulifikia kimo chake, nao mto ukaja: kwanza kelele, kisha ulimi wa maji ya kahawia uliosukuma majani na vijiti mbele yake. Nilikuwa nimelala kwenye nyumba ya mwenyekiti, na sote tulikimbia, hata yeye na goti lake. Maji yalipanda, yakamwagika juu ya ukuta kama pazia. Nilishuka upande wa chini, nikatembea ukingo mzima nikitafuta mahali yanapochomoza kutoka chini ya msingi. Nilitafuta mpaka nikalowa hadi kiunoni. Hapakuwa na mahali.

Katika kiangazi kilichofuata nilipita tena nikitokea Mutomo. Wanawake walikuwa wamechimba shimo moja tu nyuma ya ukuta, fupi kiasi kwamba aliyekuwa akiteka aliinama tu. Mwenyekiti alikuwa akipanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni, kamba ikiwa imelikaza paji lake la uso, akisimama kila baada ya hatua chache kupumzisha goti.

"Maji ni mazuri," alisema aliponiona, bila kusalimia. "Lakini ni mbali."

"Ni mbali, mwaitu."

"Usinikubalie upesi hivyo," alisema, akaushusha mtungi. "Beba."